Kilio cha Kamba ya Chenso

Waliokuja kwenye msiba wa mume wangu watakuambia kwamba nililia sana. Ni kweli. Wanawake waliokaa nami chumbani wanakisifia kilio kile hadi leo, wanasema mjane yule alimpenda mumewe. Nilimpenda, sikatai. Ila asubuhi ile, kabla jeneza halijaingia uani, nilikuwa nalilia stata.

Kwa asiyejua, stata ni ile sehemu ya ubavuni mwa chenso, ule msumeno wa injini wa kukatia miti, yenye kamba na kishikio kidogo. Ndani yake kuna springi iliyojikunja. Ukivuta kamba, injini inazunguka. Ukirudisha, springi inaivuta kamba ndani. Ni kitu kidogo kisichotaka ubabe, na kwa sababu hiyo kimeuawa na wanaume wengi. Anayejua huvuta kwanza taratibu, mpaka kamba ikatae kidogo mkononi. Hapo injini imeshika. Ndipo anavuta mvuto mfupi wa nguvu, na haifikishi kamba mwisho. Kisha haachii kishikio kirudi chenyewe, anakisindikiza kwa mkono mpaka mahali pake. Asiyejua huvuta kama anang'oa muhogo kiangazi, halafu anaachia. Kishikio kinarudi na kugonga kasha, ta! Mlio huo naujua kama ninavyojua kikohozi cha mtu wa nyumbani kwangu.

Mume wangu alikuwa mkata miti. Watu wengi huku bondeni wamepanda mitiki kwenye mashamba yao, na yeye aliwakatia kuanzia kwetu Kisawasawa mpaka upande wa Mang'ula. Majirani walikuwa wameshampangia kifo chake: ataangukiwa na mti. Akawaangusha wao. Alikufa kwa presha, hospitalini Ifakara, kitandani, miguuni amevaa soksi safi.

Chenso tuliinunua wawili, kwa mpunga wangu wa shambani Namawala na kwa jasho lake, ila iliitwa mashine yake, kama vile watoto wanavyoitwa wake wakifaulu. Mimi nilichanganya mafuta, nilinoa mnyororo kwa tupa, nilifuta plagi. Mwaka wake wa mwisho bega la kulia likamkatalia kazi. Hakutaka mtu ajue. Basi tukawa na utaratibu wetu. Tukifika shambani kwa mteja, yeye anabaki akizungumza naye habari za mitiki, mimi nazunguka nyuma ya miti na mashine, eti naichanganyia mafuta. Ikishaunguruma, anakuja, naikabidhi mkononi mwake ikiwa hai, anatoka nayo kifua mbele.

"Hii mashine yako haikusumbui hata siku moja," wateja walikuwa wakimwambia.

"Mashine inataka kueleweka tu," anajibu, bila hata kunitupia jicho.

Nilikuwa nachukia jibu lile. Tukirudi nyumbani namnunia mpaka ugali unaiva. Sasa hivi ningelipa chochote nilisikie tena.

Siku ya mazishi, kulipokucha, mkuyu mzee uliokuwa kando ya mfereji, jirani kabisa na ua wetu, ulianguka. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, udongo ukalegea. Ukalala kukatiza barabara pekee inayofika kwetu, upande mmoja mfereji, upande wa pili majaruba ya mpunga yamejaa maji mpaka juu. Gari lililoleta jeneza kutoka Ifakara likafika, likasimama ng'ambo ya mti. Mkata miti alikuwa anarudi nyumbani, na mti umemfungia njia.

Mtani wetu alipouona alipiga makofi. "Jamani, miti nayo imeleta mwakilishi! Imekuja kuhakikisha kama kweli amekufa!"

Ukoo wa mume wangu una watani wake, watu wa ukoo mwingine waliorithishana nao utani tangu kwa mababu. Msibani watani ndio wenye ruhusa. Wanachimba kaburi, wanaamrisha jikoni, wananyakua kitu cha marehemu na hawakitoi mpaka wabembelezwe, na wanasema hadharani yale ambayo ndugu wakiyasema watashikana mashati. Huvaa hata nguo za marehemu wakamwiga alivyotembea, watu wakacheka huku machozi yanawatoka. Mtani hakasirikiwi. Ukimkasirikia, aibu ni yako. Huyu wetu alikuwa mwanamke wa rika langu, kimo kimoja na mimi, mwembamba kama mimi, isipokuwa mdomo wake ulitosha watu wanne.

Wazee wakakutana mbele ya mti, nikiwasikia kupitia dirishani. Wenye akili walisema watu wapokezane jeneza juu ya gogo, wengine ng'ambo hii, wengine ile, yaishe. Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, akakataa katakata.

"Mtu aliyeangusha miti yote hii bondeni, leo arushwe juu ya mti kama gunia la mpunga? Mila hairuhusu."

Mila hiyo niliisikia siku ile kwa mara ya kwanza, na nadhani hata yeye. Lakini neno mila likishatamkwa msibani, hakuna wa kulirudisha lilikotoka. Mmoja akataja shoka. Shemeji akamtazama kama aliyetukana. Shoka la nini, na chenso ya marehemu ipo ndani?

Akaja mlangoni pa chumba nilimokuwa nimekalishwa kwenye mkeka. "Shemeji, pole sana. Mashine iko wapi?"

"Uvunguni. Lakini shemeji, kamba imeshachakaa, ivutwe..."

Wifi yangu, dada yao, aliyekuwa amekaa pembeni yangu tangu jana yake, akanibana mkono. "Wifi, tulia. Ya nje waachie wenyewe."

Mjane hatoki. Mjane hapazi sauti isipokuwa ya kilio. Mjane hafundishi mtu kuvuta kamba. Hili la mwisho halikutamkwa, ila nililielewa. Nikaitazama mashine yangu ikitoka mlangoni begani mwa mtu aliyeibeba kichwa chini miguu juu.

Na hapa niseme wazi kilichokuwa kinaniuma, maana watu wanapenda kudhani mjane hana hesabu nyingine kichwani. Mashine ile ndiyo iliyobaki ya kunilisha. Nilikuwa nimeshawaza usiku kucha: nitatafuta mkataji, mimi nitashika mafuta, tupa na kamba, kazi itaendelea. Stata ikifa, au shemeji akiondoka na mashine, ningebaki na dumu tupu na sifa ya kuwa mjane mzuri.

Huko nje chenso ilivutwa kwa vyeo. Sisi ni watu wa heshima. Mdogo hamtangulii mkubwa, awe mbele ya chakula au mbele ya injini. Alianza shemeji. Krrrrr, mpaka mwisho wa kamba, kisha ta! Nikatoa kilio kilichowafanya wanawake wote waniegemee. Akavuta tena. Ta! Nikalia tena. Akafuata mwenyekiti wa kitongoji, maana huwezi kumruka mwenyekiti. Yeye, nilivyomsikia, aliinyanyua mashine hewani na kuitupa chini huku akivuta juu, kama walivyozoea kuwaona vijana wa mjini. Krrrr-ta! Kisha mzee wa kanisa, baada ya kusalimiwa shikamoo na waliokuwa wanampisha. Yeye alivuta kwa unyenyekevu, lakini naye akaachia.

Na kila aliyevuta alivuta na choki, kile kizibo cha hewa ya injini, imefungwa. Harufu ya petroli ikaanza kuingia dirishani. Pale nikajua kwamba imeshakunywa, plagi imelowa, na hata wangemwita chifu wa nchi nzima isingewaka. Wangeendelea kuvuta mpaka kamba ikatike, kwa sababu nani angemwambia kaka mkubwa wa marehemu, siku ya kumzika mdogo wake, kwamba anavuta vibaya? Waliokuwa wanajua walikuwepo. Niliwasikia wakiguna. Mmoja wao anakata miti kuliko hata mume wangu alivyokata, lakini ni mkwe katika ukoo ule, na mkwe hamsahihishi mtu. Alikaa kimya na ujuzi wake wote.

"Uwii, baba, wanakumaliza!" nililia.

"Ameshapumzika, mama," wanawake wakanibembeleza. "Mwache apumzike."

Nikamwashiria mtani, aliyekuwa ameingia kunitazama, ainame. Nikamnong'oneza sikioni: waambie waache kuvuta, imelewa mafuta, wafungue choki, waipumzishe. Akatoka, akashika kiuno, akawapigia kelele: "Nyie! Mmeilewesha mashine ya watu! Mlevi anavutwa mkono? Mlevi anaachwa alale! Fungueni choki, wavutaji muhogo nyie!"

Watu wakacheka. Shemeji naye akacheka, maana mtani hakasirikiwi. Halafu akavuta tena. Hiyo ndiyo shida ya utani, ukweli unasemwa bure na bure hiyo hiyo unaachwa.

Safari hii nilisikia kitu kipya kwenye kamba, mkwaruzo. Uzi mmoja ulikuwa umekatika. Nilimshika mtani, aliyekuwa amesharudi chumbani, mkono wa gauni.

"Wataikata. Ikikatika, mimi sina kitu."

Akanitazama. Kisha akawageukia wanawake akawafukuza chumbani, eti ana mambo ya kimila na mjane. Wakatoka. Wifi peke yake alibaki, kichwa kimeangukia ukutani, usingizi umemchukua. Hakuwa amefumba jicho usiku mzima. Mtani akaliendea koti la kazi la mume wangu lililokuwa limening'inia msumarini, pamoja na viatu vyake vya mvua na ile kofia ngumu yenye wavu wa kufunika uso. Watu walikuwa wanamsubiri avae vitu vile tangu asubuhi, amwige marehemu.

Hakuvaa yeye. Alinivisha mimi.

"Nenda kaiwashe mashine yako," akasema. "Mimi nitakulilia."

Akajilaza kwenye mkeka wangu, akajifunika khanga gubigubi. Nilipokuwa natoka kwa mlango wa uani nilimsikia akianza. Nakiri alilia vizuri kuliko mimi.

Koti lilikuwa linanuka petroli, vumbi la mbao na yeye. Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Nilisimama nyuma ya jiko, nikaushusha wavu wa kofia usoni. Kisha nikatoka nikitembea kama mume wangu, bega la kulia chini kidogo, maana mwaka mzima nilikuwa nalitazama bega lile, na watu wakalipuka kwa kicheko.

"Huyo mtani! Mtazameni! Ni yeye kabisa!"

Nikawapungia mkono kama alivyokuwa akiwapungia. Nikamfikia shemeji, nikamnyang'anya mashine, mtani anaruhusiwa. Nikaketi juu ya gogo la mkuyu. Mfukoni mwa koti spana ya plagi ilikuwa mahali pake. Nikafungua plagi, nikaipuliza, nikaifuta kwa pindo la koti. Nikavuta kamba polepole ili petroli iliyozidi itoke, nikairudisha kwa mkono, nikavuta tena. Nikaipapasa kamba. Uzi ulikuwa umekatika karibu na kishikio, ila fundo la ndani alilolifunga mume wangu lilikuwa bado limeshika. Nikafunga plagi, nikafungua choki, nikaiweka mashine chini, mguu wa kulia kwenye mpini wa nyuma, mkono wa kushoto juu ya mpini wa mbele. Kicheko kikaanza kupungua. Nadhani waliona kwamba utani umekuwa mrefu mno.

Nilipoinua macho niliona gari. Lilikuwa mbele yangu kabisa, ng'ambo ya gogo, mlango wa nyuma uko wazi, na jeneza limefunikwa kitambaa cheupe. Mjane hapaswi kulipokea jeneza barabarani akiwa amevaa viatu vya mvua. Lakini ndiyo hivyo, tulikuwa tumekutana.

Nikavuta taratibu mpaka kamba ikakataa. Nikavuta mvuto mfupi. Ikakohoa. Nikaisindikiza kamba ndani. Nikavuta tena, ikawaka.

Iliunguruma kwa sauti ile ile ya kila siku. Nikaiacha ipate joto kidogo, kama alivyokuwa anapenda. Ningeweza kuukata mkuyu ule mwenyewe, lakini nilikuwa na haraka ya kurudi kufiwa. Nikamkabidhi shemeji mashine ikiwa hai. Akaipokea kifua mbele. Damu ni moja, niliwaza, hata namna ya kupokea ni moja.

Nilirudi kwa mlango wa uani. Wifi alikuwa bado amefumba macho, na wanawake waliotolewa walikuwa madirishani mwa chumba cha mbele wakiangalia gogo likikatwa, tukabadilishana nguo na mtani nyuma ya pazia. Nikarudi mkekani. Na hapo, nikisikiliza mnyororo ukiuma mti mikononi mwa mtu ambaye si yeye, ndipo nilipomlilia mume wangu. Nililia bila sauti, nimeziba mdomo kwa khanga. Wanawake waliporudi wakaambiana kwamba afadhali, mjane sasa ametulia.

Tulimzika jioni ile, kabla mvua haijarudi.

Siku ya kuanua tanga ukoo ulikaa kikao. Asiyekuwapo na lake halipo, na mume wangu hakuwapo. Vitu vyake vikawekwa katikati ya chumba: redio, baiskeli, nguo, chenso. Mimi nilikaa chini karibu na mlango, mikono mapajani, kama inavyotakiwa. Shemeji akakohoa.

"Hii mashine nitaichukua mimi. Siyo kwa tamaa. Mtu mzima lazima aseme ukweli: siku ile mmeona wenyewe nani aliyekata mti mpaka mdogo wangu akapita."

Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Mtani akanyanyuka kutoka pembeni, akaenda akaketi juu ya chenso kama mtu anavyokalia kigoda.

"Kukata mti aliukata, sawa. Na kuiwasha?"

"Si uliwasha wewe?" shemeji akasema. "Basi nitakubembeleza, unataka nini? Nikupe kuku?"

"Mimi? Mimi siku ile nilikuwa mkekani nalia. Muulize dada yako, alinishika mkono."

Chumba kikageuka kumtazama wifi yangu. Nami nikamtazama. Tangu niolewe, mwanamke yule hajawahi kuwa upande wangu hata kwenye jambo la chumvi. Alikuwa anavitazama viganja vyangu, na mimi bila kufikiri nikavikunja.

"Niliamka nikashika mkono chini ya khanga," akasema. "Wa wifi naujua, nimeukamata siku mbili, una sugu ngumu hapa kwenye vidole. Nilioukuta ulikuwa laini. Nikajua huyu siye. Nikanyamaza."

"Ulinyamaza?" shemeji akafoka. "Mjane anatoka nje, wewe unanyamaza?"

"Ningesema nini, kaka? Mlikuwa mnaua mashine."

Yule mkwe anayejua kukata, aliyenyamaza siku ile yote, aliinamisha kichwa akajikuna shingo. Shemeji alimwambia mtani anyanyuke. Mtani akanyanyuka bila ubishi. Shemeji akaishika mashine, akaiweka sakafuni, akashika kishikio cha kamba, na chumba chote kikamsubiri. Kisha akakiachia kishikio, safari hii kwa taratibu mno, kana kwamba kinaunguza.

"Redio inafanya kazi?" akauliza.

Akaambiwa inafanya. Akachukua redio.

Watu walipotawanyika, wifi alinisaidia kuisukuma mashine uvunguni. Tulikuwa tumeinama wote wawili, vichwa vinakaribia kugusana.

"Wifi," akasema, "siku ile nje nilisikia umekawia sana kabla ya kuvuta. Ulikuwa mbele ya jeneza. Ulimwambia nini kaka yangu?"

"Sikumwambia kitu."

"Muda wote ule?"

"Nilimwashia tu, wifi. Kama kila siku."